Hedfoni za Shangazi

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa walimu, wanafunzi, wapishi, walinzi, paka wa jikoni na kunguni wote wa bweni la wavulana, kwamba kuanzia Jumamosi hiyo shule ilikuwa imepata Mwanahabari Mkuu. Ni kijana mwenye kipaji cha kuzaliwa nacho, sauti ya kutikisa madirisha na kalamu isiyojua kuchoka. Wote waliotaka kumpongeza waliombwa wapange mstari nje ya maktaba bila kusukumana.

Hakuna aliyepanga mstari. Tangazo alilisoma mwenyewe, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya mabafu, taulo shingoni na povu la sabuni sikioni. Wasikilizaji wake walikuwa wavulana wachache waliokuwa wakimngoja amalize, kwa sababu ndoo ilikuwa yao.

"Waziri, shuka bwana," mmoja akamwambia. "Watu tunataka kuoga."

Jina la Waziri alilipata mwaka uliopita, siku aliposimama juu ya benchi bwaloni na kusoma risala ya rambirambi kwa kipande cha nyama kilichopotea ndani ya sufuria ya maharage. Risala ilikuwa ndefu, ilitaja wajane na mayatima, na ilimpatia wiki nzima ya kusugua masufuria hayo hayo. Jina likabaki. Yeye mwenyewe hakulikataa, maana aliona linamkaa vizuri mabegani.

Sababu ya tangazo la ndooni ilikuwa Shangazi. Shangazi huyu, dada ya baba yake, alikuwa mwandishi wa habari wa redio. Sauti yake ilisikika kila asubuhi watu wakipiga mswaki. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na shingoni mwake daima zilining'inia hedfoni kubwa nyeusi, kuukuu, ambazo sponji zake zilikuwa zimeanza kubanduka vipande vipande kama keki iliyokaa sana. Waziri alizijua hedfoni zile kabla hajajua kusoma. Alipokuwa mdogo, Shangazi akija kuwatembelea alimkalisha kwenye kochi, akamvika, akachomeka waya kwenye rekoda yake, na kumuuliza, "Haya, unasikia nini?"

"Nasikia jokofu, Shangazi."

"Na nini tena?"

"Mama anakata vitunguu. Halafu jirani anamnunia mumewe."

"Mtu akinuna anasikika?"

"Ndiyo. Anaweka vikombe chini kwa nguvu."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu ana masikio," alimwambia baba yake Waziri. Tangu siku hiyo Waziri aliweka moyoni kwamba siku moja hedfoni zile zitakuwa zake. Hakuona haja ya kumwambia mtu. Mtoto wa mfalme naye haendi akikumbusha watu kuhusu taji.

Sasa shule ilikuwa imemwomba Shangazi aje kila Jumamosi kuwafundisha wanaklabu ya habari, wale waliokuwa wakibandika taarifa zao kwenye ubao wa nje ya bwalo. Mwisho wa muhula angemchagua mmoja wao. Huyo angekwenda naye redioni likizo nzima, akae pembeni yake, avae hedfoni na kufanya kazi ya kweli. Mwalimu mkuu alipotangaza hayo, wanaklabu wote walitazamana. Waziri hakumtazama mtu. Alikuwa anafikiria avae shati gani.

*

"Shikamoo, Shangazi!" alipaza sauti Shangazi alipoingia maktabani, ili hata walioko uwanjani wajue nani ni nani.

"Marahaba. Hapa niite Mwalimu, kama wenzako. Kaa."

Alikaa. Kitu kidogo kilimchoma, mithili ya mwiba wa samaki unaopita kooni bila kusimama.

Shangazi hakuandika kitu ubaoni. Alisema tu, "Tokeni nje. Kila mmoja aniletee habari moja ya hapa hapa shuleni. Kengele ikilia, rudini."

Waziri hakutoka mbali. Alikaa chini ya ngazi za maktaba akatunga habari ya jogoo wa jirani aliyeingia darasani akapanda juu ya meza ya mwalimu wa hesabu. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa jogoo. Kengele ilipolia alikuwa wa kwanza kusimama kusoma.

"Wanafunzi wote walifurahi kupita kiasi—"

"Umejuaje?" Shangazi akauliza.

"Nini, Shang... Mwalimu?"

"Kwamba wote walifurahi. Uliwauliza wote?"

"Walicheka."

"Mtu anaweza kucheka kwa woga. Endelea."

"Jogoo naye, akijiona kiongozi mpya—"

"Umejuaje alivyojiona?"

Darasa lilivunjika mbavu. Waziri alizoea kuchekwa, lakini kwa kawaida yeye ndiye aliyekuwa akishika usukani wa kicheko. Alikaa chini masikio yakiwaka moto.

Kisha akasimama binti mmoja aliyehamia muhula huo, ambaye walimwita Kope kwa sababu alipomsikiliza mtu alisahau kupepesa macho. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto mchanga.

"Bomba la nyuma ya jiko linavuja. Niliweka kikombe chini yake. Kilijaa kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu. Mpishi anasema linavuja tangu shule ifunguliwe. Fundi anasema hajaambiwa. Nilimwambia. Alipokuja kulitazama, mpishi alikiri kwamba ni yeye aliyetakiwa kumwambia, akasahau."

Akakaa. Hakukuwa na jogoo, wala kiongozi, wala neno moja la kupamba. Waziri aligeuka ili acheke na Shangazi, wacheke pamoja, damu moja.

Shangazi hakucheka. Alikuwa amesimama vile vile, kichwa kimeinama upande, kama mtu aliyesikia wimbo kwa mbali. Halafu akanyanyua mikono, akazivua hedfoni shingoni mwake, akamvika Kope.

"Njoo mbele, mwanangu," alisema. "Haya, unasikia nini?"

Mwanangu! Waziri alitazama vumbi la sponji likidondoka kwenye bega la sare ya Kope. Vumbi lile lilikuwa lake. Alilijua tangu utotoni, alishawahi hata kulila.

*

Jumamosi zikafuatana. Shangazi aliwafundisha mambo machache, na kila jambo alilirudia mpaka likawatoka puani.

Aliwafundisha kunyamaza. "Ukishauliza swali, funga mdomo," alisema. "Kimya kikikaa katikati yenu, usimwokoe mwenzio. Watu hawapendi kimya. Watakijaza wenyewe, na mara nyingi wanachokijazia ndicho ulichokuwa unakitafuta."

Waziri alilijaribu somo hilo kwa mwalimu wa hesabu. Alipoulizwa ilipo kazi yake ya nyumbani, alifunga mdomo akamtazama mwalimu kwa utulivu mkubwa, akingoja akijaze kile kimya. Mwalimu alikijaza. Waziri alifyeka majani ya nyuma ya choo mpaka machweo.

Aliwafundisha pia kwamba mtu akituhumiwa jambo, asilisikie kwanza ubaoni wala kwa majirani. Alisikie kwa mwandishi, uso kwa uso, na apewe nafasi ya kusema lake. Na aliwafundisha jambo alilolipenda kuliko yote: "Mtu akikwambia ameona, nenda ukasimame pale alipokuwa amesimama. Tazama anakosema alitazama. Utashangaa ni watu wangapi wanaona kupitia ukuta."

Wengine waliandika. Waziri hakuandika, alikuwa akimtazama Kope anayeandika. Alijua sasa Kope anakalia kiti kipi, anashika kalamu vipi, na kwamba anapofikiri anatafuna ukosi wa shati. Alijua Shangazi amemwita mwanangu mara ngapi, ingawa hakutaka kujua. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu, chakula kilikosa chumvi. Baadaye hata bweni lilianza kuonekana lina giza mchana, naye akaona ni sawa tu, moyo wake nao ulikuwa hivyo hivyo. Hakujishughulisha hata kufungua pazia la dirisha la kitandani kwake, ambalo kwa kweli lilikuwa shuka lake la zamani lililopigiliwa misumari.

Jumatatu moja lori liliingia getini na mzigo mkubwa, na shule nzima ikatoka mbio kwenda kushangaa. Waziri naye aliinuka. Kisha akamwona Kope mbele, anakimbia na kalamu mdomoni, akajikalisha tena. Alikuwa ameapa kutokanyaga alipokanyaga yule binti. Alibaki maktabani peke yake, akisikiliza kelele za wenzake, akitazama kiti kitupu cha Kope.

Kesho yake kulikuwa na watu tele mbele ya ubao wa bwaloni. Waziri alipita akaona jina la Kope chini ya karatasi. Hakusoma zaidi. Aliinua uso akatazama mbingu, kana kwamba mvua inakuja.

"Hujaisoma?" aliuliza Toroli, rafiki yake aliyelala kitanda cha chini yake, kijana mnene aliyepewa jina hilo kwa sababu alikubali kubebeshwa kila kitu. "Nzuri mno. Humo ndani kuna—"

"Nitaisoma nikikosa usingizi."

"Lakini unakosa usingizi kila siku. Nakusikia unavyogeuka. Mimi ndiye niko chini, ujue."

"Toroli, nyamaza."

*

Ilitosha. Waziri akapanga.

Mpango wake ulikuwa mzuri, au ndivyo alivyouona alipokuwa akipiga mswaki. Angempa Kope habari kubwa ya uongo. Kope angeibandika, ingeonekana ni uongo, Shangazi angemvua hedfoni mbele ya watu wote, na kisha angegeuka kutafuta kichwa kingine cha kuzivisha. Kichwa cha karibu kingekuwa cha nani?

Palihitajika mtu wa kuwemo ndani ya habari. Akamchagua Bwana Stoo, mtunza ghala la shule. Hakumchukia hata kidogo. Bwana Stoo alikuwa mtu wa watu, mwenye kitambi cha amani, aliyemwita Waziri "mheshimiwa" na kumwachia kipande cha mwisho cha mkate kila siku ya kugawa mikate. Waziri alimchagua kwa sababu mlango wa ghala ulitazamana na dirisha la kitandani kwake, basi. Hakufikiria zaidi ya hapo. Katika mpango ule Bwana Stoo alikuwa kama kiti jukwaani, kitu cha kuwekwa mahali pake ili wengine wacheze.

Ijumaa baada ya masomo alimkuta Kope ameketi kwenye ngazi za maktaba. Akakaa ngazi moja chini yake, akashusha pumzi kama mtu aliyetoka mazikoni.

"Dada, nina jambo zito."

"Sema."

"Linaniumiza. Lakini umma una haki ya kujua. Nimemwona Bwana Stoo akitoa gunia la sukari ghalani na kulipitisha uani. Jana, wakati watu wako bwaloni."

Kope aligeuka akamtazama. Hakupepesa. Waziri alingoja ashtuke, apige kelele, achukue kalamu. Binti alikaa kimya tu. Kimya kile kikaja kikaketi kati yao, kikapanua miguu.

"Gunia zima," Waziri akaongeza.

Kimya.

"La kilo nyingi. Alilibeba begani. Bega la kulia."

Ndege mmoja aliruka kutoka kwenye paa. Kope hakumtazama ndege.

"Alikuwa anapiga mluzi," alisema Waziri. Alijisikia akisema, akashangaa kama mtu anayetazama mtoto wa mwenzie akiharibu. "Na alikuwa amevaa ile kofia yake ya sufi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akafunga mlango kwa mguu. Nikajisemea, jamani, huyu mzee, huyu anayetupa mikate! Machozi yalinilenga."

"Wewe ulikuwa wapi?" aliuliza Kope.

"Bwenini. Kitandani kwangu, cha juu. Nilichungulia dirishani."

"Dirisha la kitandani kwako."

"Ndilo hilo hilo. Naona mlango wa ghala kama ninavyokuona wewe."

"Asante," alisema Kope. Akainuka, akapangusa sketi yake, akaondoka kuelekea ghalani.

Waziri aliona anaelekea wapi. Alifikiri anakwenda kuchungulia tu. Usiku ule alilala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ya bomba.

*

Kesho yake ubao wa bwaloni ulikuwa na karatasi zile zile za zamani. Waziri aliupitia mara kadhaa, akijifanya anatafuta kitu kilichodondoka. Hakuna kitu. Alikuwa njiani kwenda maktabani alipomwona Shangazi anakuja upande wa mabweni. Pembeni yake alikuwepo Kope, na nyuma yao mwalimu mlezi wa bweni akiwa na funguo. Nyuma kabisa, bila kitambi chake cha amani, maana siku hiyo kilionekana kimezama, alikuja Bwana Stoo. Wanaklabu wote walifuata, wamenyamaza kama watu wanaokwenda kuona ajali.

"Habari za asubuhi," alisema Shangazi. "Twende ukatuonyeshe."

"Nini?"

"Pale ulipokuwa umesimama."

Bweni la wavulana halikutarajia wageni. Toroli, aliyekuwa ameketi kitandani akila biskuti, alirukia soksi zake akazikalia. Wavulana wengine walivuta mashuka. Shangazi hakutazama lolote kati ya hayo. Alisimama katikati ya vitanda, akaonyesha kwa kidevu.

"Panda."

Waziri alipanda. Alikuwa bado na matumaini. Mlango wa ghala ungekuwepo, kama ulivyokuwepo siku zote, na mtu akiweza kuuona mlango anaweza kumwona mtu mlangoni. Walichoweza kubishana ni sukari, wala si dirisha. Alishika pazia lake kwa madaha, akageuka kuwatazama wote, akalivuta.

Hakukuwa na ghala, wala uani, wala mbingu. Dirisha zima lilikuwa limezibwa na kitu cheusi cha plastiki, kikubwa, kilichopinda kidogo kama tumbo la mnyama aliyelala akiliegemea. Mtu angenyoosha mkono nje ya nondo angekigusa. Waziri aliunyoosha. Kilikuwa na ubaridi wa maji.

Hakuna aliyesema neno. Walikuwa wamefundishwa.

"Labda," alisema Waziri kwa sauti ambayo haikutikisa dirisha lolote, "labda alikuwa amelibeba juu sana."

Hata hapo hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomtisha.

"Tangi hili limewekwa lini?" Shangazi aliwauliza wavulana.

"Jumatatu!" waliitikia kwa pamoja.

"Na gunia lilionekana lini?"

Waziri alishika chaga za kitanda. "Alhamisi."

"Lakini ilikuwa ubaoni," alisema Kope. Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli angejua la kujibu. Alisema kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyegundua jirani yake hajui mtaa umehamia wapi. "Niliandika kwamba tangi jipya litatupatia maji, lakini limeziba dirisha la bweni la wavulana, na wavulana wanaomba taa. Iko ubaoni tangu Jumanne."

"Mimi ndiye nilihojiwa," alisema Toroli kutoka chini, kwa fahari kidogo. "Nilisema siwezi kutofautisha soksi zangu." Akafikiri. "Nilitaka kukwambia, ukasema ninyamaze."

Wiki nzima Waziri alikuwa ametazama kisogo kimoja, ukosi mmoja na kalamu moja. Watu walikuwa wameleta kitu kikubwa kuliko jiko la shule na kukiegesha kichwani pake, naye hakukiona.

"Bwana Stoo amekuja mwenyewe," Shangazi alisema. "Kope alimwuliza jana. Angeweza kukataa kuja."

Mtunza ghala alisogea mpaka chini ya kitanda, akainua uso. Kofia yake ya sufi aliishika mkononi.

"Mheshimiwa," alisema, "nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu, baba. Ilikuwa... nilikuwa natania."

"Utani." Alilizungusha neno lile mdomoni kana kwamba anatafuta mfupa. "Binti huyu alipokuja kuniuliza, nilikaa chini juu ya gunia. Nilikuwa nawaza nitamweleza nini mama watoto. Kwamba wanasema nimeiba, na aliyeniona ni yule kijana ninayemwekea mkate." Akavaa kofia. "Haya. Kama ni utani, nimeusikia."

Akatoka. Viatu vyake vilisikika mpaka mwisho wa korido.

"Mimi sikujua nani kati yenu anasema kweli," Kope alimwambia Waziri, kama anayeomba radhi. "Nilijua tangi limeziba dirisha, lakini sikujua kama ndilo la kitandani kwako. Nilitaka kuona tu."

*

Wengine walipoondoka, Shangazi alikaa kwenye ngazi za bweni. Waziri alikaa ngazi ya chini. Hedfoni hazikuwa shingoni mwa Shangazi. Zilikuwa zimeshaondoka na Kope, na ile nafasi ya likizo redioni pia.

"Utamwambia baba?"

"Utamwambia wewe."

Alikubali kwa kichwa. Kisha kile kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu mwanzo wa muhula kikamtoka. "Kwa nini yeye, Shangazi? Mimi ni mtoto wa kaka yako. Ulisema nina masikio."

"Nilisema. Na siku ile ulikuwa nayo, ulisikia mpaka vikombe vya jirani. Tangu nianze kuja hapa, umeniuliza swali gani? Nitajie moja."

Waziri alitafuta. Alitafuta kweli, kwa bidii, kama mtu anayepekua mifuko yake huku ameshajua haina kitu.

"Umekuwa ukinitangazia tu," alisema Shangazi. "Mimi, wenzako, watu wa mabafuni. Wakati yeye anauliza, wewe unatangaza. Sasa sikiliza. Utaandika habari ya jambo hili lote, tangu mwanzo. Uandike kama mwandishi, si kama mtuhumiwa. Ukimaliza utaniletea, halafu utamsomea Kope na Bwana Stoo kabla haijagusa ubao."

"Na jogoo?"

"Ukiweka jogoo nitakunyonga."

Taarifa hiyo ndiyo hii. Aliyeiandika alitimiza kila agizo. Alijiweka mbali, akasimulia habari za huyo Waziri kama anavyosimulia mtu baki, bila upendeleo, na akaona imetoka vizuri kiasi cha kustahili pongezi. Ilipaswa kuishia hapa.

Lakini Shangazi ameisoma leo, kwenye ngazi zile zile, kalamu nyekundu mkononi. Amesoma mpaka mwisho, akarudi nyuma.

"Hapa umeandika kwamba kitu kilimchoma huyu Waziri kama mwiba wa samaki. Umejuaje?"

"Ilionekana."

"Mwiba wa kooni unaonekana? Na hapa, vumbi la sponji, eti aliliona ni lake. Alimwambia nani?" Amegeuza ukurasa. "Na usingizi, na chumvi, na kiti kitupu cha maktabani. Umesema alikuwa peke yake. Nani alimwona?"

Ameweka kalamu chini, akanitazama, akafunga mdomo. Ni fundi wa kimya, Shangazi yangu. Angeweza kukaa pale mpaka shule ifungwe.

"Ni mimi, Shangazi," nimesema. "Hilo unalijua. Na haukuwa utani. Niliona wivu. Nilizitaka hedfoni zile tangu siku ya jokofu, nikaona anazivaa mtu mwingine, nikataka aumie. Bwana Stoo sikumfikiria hata mara moja. Hilo ndilo baya zaidi, na sikuliandika vizuri."

"Basi liandike."

Nimeliandika. Kope nimeshamsomea, amesikiliza yote bila kupepesa, akaniuliza swali moja tu: vumbi lile lina ladha gani. Nimemwambia ukweli, ni kama karatasi. Sasa nimesimama nje ya ghala, mlango uko wazi, Bwana Stoo yuko ndani anapanga sabuni. Bado hajaniona. Watu wa mabafuni, ndoo yenu nimeirudisha.